Vifaranga wa Zambarau

Mwezi uliopita nilikwenda ofisi moja hapa Malindi kuomba kibali cha kusafirisha mbuzi wangu wawili kutoka shamba, nikaambiwa nikae kwenye benchi nimngoje mwenye muhuri. Mwenye muhuri alikuwa amekwenda kunywa chai. Nikakaa. Ukutani mbele yangu palikuwa na bango lililopauka, pembe moja imebanduka, na kwenye bango hilo msichana wa miaka minane hivi, hana meno mawili ya mbele, ameshika kifaranga wa zambarau kwa mikono miwili na anacheka. Chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa: TUACHE KUUA NDEGE WAPITAJI KWA SUMU. Msichana yule ni mimi.

Sikumwambia mtu. Uso uliniwaka moto hata mama aliyekaa ubavuni mwangu akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia ni jua tu, na jua lenyewe lilikuwa halijafika barazani. Nilipotoka pale na kibali changu nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, mtaa wa Barani, nikisema peke yangu njiani, na watu wakinipisha. Miaka mingi nimejidanganya kwamba jambo lile limekwisha. Halikwisha, limebandikwa ukutani na picha yangu juu yake, na kila aendaye kutafuta muhuri analisoma.

Wenzangu wa rika langu mliokulia mashamba ya nyuma ya Malindi mtanielewa upesi. Shamba la Hawe, ndivyo sisi Wagiriama tumwitavyo bibi, lilikuwa ndani, ng'ambo ya mto Sabaki, mahali ambapo ukimwambia mtu wa mjini kwamba hii pia ni Pwani anakucheka. Hakuna mnazi hata wa dawa. Kuna miiba, vumbi jekundu, vichuguu virefu kuliko mtu, na mahindi yanayopandwa kwa kubahatisha. Mama alikuwa akifua mashuka hotelini na kulala Muyeye, huko huko Malindi, chumba kimoja na wenzake, kwa hiyo aliyenilea ni Hawe. Yeye alinilea mimi, na kuku wakatulea sisi sote wawili. Sabuni, mafuta ya taa, sare yangu ya shule, safari ya Hawe kwenda zahanati mguu unapovimba, vyote vilitoka chini ya mbawa za kuku wale. Kuku mmoja akiugua, nyumba nzima iliugua.

Kazi yangu, siku zisizo za shule, ilikuwa kulinda vifaranga. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, macho juu, debe bovu magotini, na mwewe akitokea nililipiga debe lile mpaka masikio yakaziba. Ukikaa hivyo mwaka mzima utajua ndege upende usipende. Mwewe wa kwetu nilimjua kwa mkia, unavyopinda huku na huku akitafuta, kama mtu anayeendesha gari na hajui njia. Kuku naye nilimsikiliza. Jike akiona kitu juu hutoa mlio mmoja mrefu wa kooni, na vifaranga wote hutoweka kabla hujageuza shingo.

Lakini mlinzi hata awe hodari vipi hukojoa, husinzia, huitwa ashike mbuzi. Ndiyo maana Hawe aliwatia vifaranga rangi. Alikuwa msusi wa mikeka, na miyaa ya kusukia alikuwa akiichemsha kwenye sufuria kuukuu pamoja na rangi ya unga inayouzwa dukani kwa vipakiti. Maji yaliyobaki hakuyamwaga. Aliyaacha yapoe, akawatumbukiza vifaranga mmoja mmoja mpaka shingoni, akawaachia juani wakauke. Walitoka zambarau tupu, wanajikung'uta na kulalamika, na mama yao anawakodolea macho kama ambaye ameletewa watoto wa jirani. Nyumba nyingi za kwetu zilifanya hivyo. Mwewe amezoea kifaranga wa manjano au wa rangi ya udongo. Akiona kitu cha zambarau kinakimbia chini hakielewi, na asichokielewa hakigusi. Hilo ndilo ninalolijua leo.

Siku zile nilijua jingine. Hawe alinikataza vikali kulamba vidole nilipomsaidia kutumbukiza. Alinisugua mikono kwa majivu mpaka ngozi ikawasha, akanusa, akasugua tena. Sikuambiwa sababu, na mtoto asipoambiwa sababu hujitafutia yake. Halafu mara moja, njiani kuelekea kisimani, tulimkuta mwewe amekufa chini ya mti, mchwa wamemjaa machoni. Mimi nikaunganisha mambo hayo mawili kichwani mwangu, kimya kimya, na nikaridhika. Rangi ile ni sumu. Mwewe akimla kifaranga wa zambarau, anaanguka na kufa. Nilimwona Hawe ni mtu mkubwa sana kwa siri ile, na nilijivunia kuijua bila ya kuambiwa.

Mvua za vuli zilipokaribia walikuja wapitaji. Sijui niwaelezeje watu ambao hawajaona. Asubuhi mbingu ni tupu, ukirudi na ndoo ya maji mbingu imejaa vipanga, wadogo, weusi weusi, mabawa membamba yaliyochongoka, wanazunguka bila ya kupiga kelele. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi wakitoka vichuguuni, vipanga wale wanawadaka hewani kwa kucha na kula huku wanaruka, hata mabawa ya kumbikumbi yanakudondokea kichwani. Na tai wakubwa, ndege ambao mtu angedhani watambeba mbuzi, wanateremka kwenye ardhi iliyolimwa na kutembea kwa miguu, wanadonoa kumbikumbi mmoja mmoja kama kuku. Hawe alinikataza kuwapigia debe. Alisema hao wametoka mbali na wanakwenda mbali, vifaranga wetu hawana haja nao, na wakipita ndipo sisi tunapotoa jembe. Hakuna mtu kwetu aliyewadhuru wapitaji. Nitalisema hili mara moja tu, kwa sababu bango lile linasema kinyume.

Vuli hiyo wakaja pia wageni. Walikuwa wanne, wenye darubini shingoni na madaftari, na walikuwa wamefikia katika shamba kubwa la matikitimaji lililokuwa kando ya mto, la tajiri mmoja ambaye sisi tulimjua kwa geti lake tu. Mkubwa wao alikuwa bwana wa bara mwenye kofia pana. Nikamwamkia shikamoo, akajibu "poa." Nilimsamehe kwa kuwa ni mgeni. Hawe alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kisimani, na kisima kilikuwa mbali mwaka ule, kwa hiyo mwenyeji nilikuwa mimi.

Niseme ukweli hata kama unaniuma: asubuhi ile ilikuwa nzuri. Bwana yule alinivika darubini, kamba ikanifika tumboni, nikaona jicho la kipanga. Jicho lenyewe, jeusi, lina duara la njano, na linanitazama. Ndege niliyemjua kama nukta mbinguni alikuwa na uso. Nikawaonyesha nani mwewe na nani mpitaji, nikawapeleka kwenye vichuguu vilivyokuwa vinakaribia kufunguka, nikawaambia wakae upande gani ili jua lisiwapige. Walikuwa wananiuliza na kuandika. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuandika nililosema mimi. Nilitembea mbele yao kifua mbele, na kama wangenitaka niwapeleke mpaka Marafa ningewapeleka.

Kwenye mpaka wa shamba letu na lile la matikitimaji tukawakuta wamelala. Vipanga wanne chini, mabawa wazi, na tai mmoja aliye hai bado, anajaribu kusimama na miguu haimtii. Mdomo wake ulikuwa unatoa ute. Wiki ile nzima vijana wa shamba kubwa walikuwa wakipita na mabomba ya dawa mgongoni, wananyunyizia kwa ajili ya viwavi, na harufu ilikuwa ikitufikia hadi jikoni. Nzige, viwavi na kumbikumbi walikuwa wameanguka chini ya ua wa mpaka ule kama pumba. Mtu yeyote mwenye macho angeinama. Bwana wa kofia hakuinama. Alimtazama tai, akatazama ua, akatazama geti la mwenyeji wake aliyempa kitanda na chai ya asubuhi, kisha akageuka akatazama upande wetu.

Wakaja nyumbani kuomba mahali pa kukaa kivulini. Vifaranga wetu walikuwa uani, kumi na kitu, zambarau inang'aa. Nikaona yule bwana amesimama ghafla, nikadhani amependezwa. Nikamkamata mmoja nikamwinulia.

"Hawa mnawapaka rangi ya nini?" akaniuliza.

"Ya mwewe."

"Na mwewe akimkula?"

"Anakufa," nikasema.

Nilisema kwa fahari. Nilikuwa nimeshika siri kubwa ya Hawe kwa muda mrefu na hatimaye nimempata mtu anayefaa kuambiwa, mtu wa darubini na daftari. Akaandika. Akaniuliza ni nani anayewapaka, nikamwambia Hawe. Akaniambia nicheke, nikacheka, akapiga picha. Hakuniuliza kama nimewahi kumwona mwewe akila kifaranga yule na kufa. Hakuniuliza hata jina.

Hawe alirudi wakiwa wanaondoka. Akatua ndoo, akawaomba radhi kwa kuwa hawakumkuta, akawakaribisha maji na mihogo ya kuchemsha. Walikataa vyote, hata maji, wakamtazama kwa namna ambayo Hawe aliidhani ni kiburi cha watu wa mjini tu. Mihogo tukaila wenyewe.

Siku tatu baadaye walikuja naibu wa chifu, askari mmoja mwenye sare ya kijani, na bwana yule wa kofia. Naibu wa chifu tulimjua vyema, alikuwa mtu wa kwetu, alishakula kuku wa Hawe katika sikukuu si moja. Siku hiyo alikuwa anatazama viatu vyake. Askari ndiye aliyesema. Alisema Hawe ametega vifaranga kwa sumu na kuua ndege wa serikali, kwamba ushahidi upo, picha ipo, na kwamba kwa kosa kama hilo mtu huchukuliwa Malindi na kufungwa. Naibu wa chifu akasema kwa sauti ndogo kwamba amemwombea, mama ni mtu mzima, basi kuku wote wachukuliwe wakachomwe na yeye aweke kidole gumba kwenye karatasi, yaishe. Gari la kubebea matenga lilikuwa njiani.

Hawe hakupiga kelele. Aliingia ndani akatoka na kipakiti cha rangi, akawaonyesha. Akawaambia ni rangi ya mikeka na kwamba mkeka alioukalia askari umetiwa rangi hiyo hiyo. Askari akasema rangi itapelekwa kupimwa. Akakitia mfukoni, na mpaka leo sijasikia kama kilipimwa, na sidhani kama kilitoka mfukoni. Hawe akawauliza kama wamepita kule kwenye ua wa matikitimaji wakaona wadudu. Bwana wa kofia akasema hawakuja kwa habari ya matikitimaji.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango. Nilielewa nusu tu. Nilielewa kwamba Hawe anasema rangi si sumu, na mimi najua ni sumu, basi Hawe anawadanganya ili wasimfunge. Niliona anafanya vyema. Nilimwomba Mungu wamwamini.

Kisha Hawe akasema, "Sumu gani hiyo isiyoniua mwenyewe? Kaeni hapo mngoje gari lenu. Mimi nitaila mbele yenu."

Akamkamata tembe mmoja ambaye manyoya ya bawa yalikuwa bado na zambarau, akamchinja, akamnyonyoa, akampasua na kumweka juu ya makaa. Gari lilichelewa. Wale watatu walikaa kwenye mkeka wakisubiri, na harufu ya nyama ikajaa uani. Niliutazama moto ule. Nilidhani Hawe amechagua kufa kuliko kufungwa.

Akatoa paja, akalipuliza lipoe, akalipeleka mdomoni. Nikatoka mbio nikaupiga mkono wake kwa nguvu zangu zote. Nyama ikaanguka mchangani.

"Usile, Hawe," nikasema. "Utakufa."

Askari akasimama, akajikung'uta suruali, akamwambia naibu wa chifu, "Umesikia mwenyewe. Mtoto hajui kudanganya."

Hawe alinitazama. Nimeutafuta uso ule maisha yangu yote nikitaka kujua ulikuwa na hasira au la, na sijapata jibu. Aliinama, akaiokota nyama, akapangusa mchanga kwa kanga, akaila. Akala paja lote, akatafuna na gegedu, akala bawa, huku mimi namng'ang'ania kiunoni nikilia na kujaribu kuufikia mkono wake, naye ananisukuma taratibu kwa kiwiko. Alikula mpaka kuku akabaki mifupa, na wale watatu wanamtazama, mikono wamefumbata. Gari likafika. Waliwapakia kuku wote, majogoo, makoo wenye mayai, vifaranga, hata yule kuku kipofu wa jirani aliyekuwa kaja kudoea. Waliwachoma kando ya barabara. Hawe aliweka kidole gumba.

Mwaka ule sikurudi shule. Kama nilivyosema, sare yangu ilikuwa ikitoka chini ya mbawa zile. Shamba la matikitimaji liliendelea kunyunyizia, na vuli iliyofuata vipanga walianguka tena kwenye ua ule ule, safari hiyo bila kuwepo kuku hata mmoja kwetu, na hakuna aliyekuja na karatasi. Bwana wa kofia nadhani alipata sifa. Picha ni nzuri, lazima nikiri, mwanga umekaa vyema usoni mwangu.

Na mimi nilibaki na langu. Nilipokua na kujua kwamba rangi ile haiui, nilishikwa na aibu iliyonifanya nimkimbie Hawe. Nikawa sikai kwake zaidi ya siku moja. Ikija vuli nilijitia kazi. Ilipita miaka mpaka nilipomleta akae nami Barani, macho yake yamekwisha, na siku moja mchana nikimkata kucha nikamwambia yote, tangu kulamba vidole na yule mwewe wa njiani mpaka siri niliyompa bwana wa kofia. Nikamwambia mimi ndiye niliyemmalizia kuku, na siku ile mbele ya askari nikammalizia na neno lake. Nikamwomba msamaha.

Hawe akaacha mkono wake ndani ya wangu.

"Pale uani palikuwa na watu wazima watatu," akasema. "Wote wamesema nyama ile ina sumu. Mimi naipeleka mdomoni, nakula, namaliza. Nani aliunyosha mkono kunizuia?"

"Mimi, Hawe."

"Wewe peke yako. Hao wengine walijua nitaamka kesho."